Bilauri Mbili Nilizoziosha

Machi 4

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na kufikia saa sita maji ya bomba yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nimeamua kuanza daftari hili. Lile la kazi lina nafasi ya namba tu: tarehe, joto, uchachu, sukari. Hakuna mahali pa kuandika kwamba Fundi wa boila amekuja na viatu viwili visivyofanana, au kwamba nimemkuta shemeji yangu anamenya yai la kuchemsha kwa mikono yake ya kijani, na akalila.

Ukijani ule ni wa kazi, sikatai. Kiwanda chetu ni kidogo. Tunanunua magunzi, yale yanayobaki mahindi yakishapukuchuliwa, tunayasaga, tunayachemsha na magadi mpaka yalegee, tunayasuuza, halafu tunayaloweka siku tatu kwenye pipa la chuma kwa joto la hamsini. Humo ndani ndimo gunzi linamogeuka sukari. Shemeji anafuga ukungu kwenye sinia za pumba katika chumba cha nyuma, na ukungu huo unatoa majimaji yanayomeng'enya hata mti. Wenye elimu yao wanayaita vimeng'enya. Sisi tunayaita mate, kwa sababu kazi ni ile ile ya mdomoni: tafuna mkate mkavu kwa muda mrefu, utaona unaanza kuwa mtamu. Sukari ikitoka tunaitia hamira, inachachuka, tunaikeneka kwa kuukusanya mvuke wake, na spiriti inakwenda hospitali kufutia mikono na vyombo.

Mimi ni mpimaji, na usafi wa kiwanda uko juu yangu. Wananiita Mama Usafi na wanadhani sijui.

Machi 6

Mvua. Sukari nane na nusu, kama kawaida yake.

Machi 9

Miaka yote mvua ikinyesha tumekuwa tukiyaacha maji yatulie kwenye tangi, kisha tunachota ya juu. Mwaka huu nimekataa. Nimekwenda dukani kununua klorini ya unga na nimetia vijiko vinne vya chakula ndani ya tangi. Jioni maji yalikuwa yanang'aa. Meneja alichungulia, akasema laiti kila mtu hapa angekuwa na moyo kama wangu. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Shemeji alikuja kuchota maji ya kuzimulia mate. Kabla hatujayamwaga kwenye pipa huwa tunayachanganya, kibuyu kimoja cha mate kwa vibuyu kumi vya maji, ndipo yasambae vizuri. Akainusa ndoo. Akasema maji yananuka hospitali. Nikamwambia afadhali yanuke hospitali kuliko yampeleke mtu hospitali. Aliinamisha kichwa akaondoka na ndoo yake.

Najua nilichomwambia na yeye anajua. Mdogo wangu, mke wake shemeji, alikufa mvua zilizopita, kwa homa ya matumbo, siku tisa tangu alipolala hadi alipozikwa. Ni maji. Nilimwuliza shemeji siku ile ile ya msiba, mbele ya watu, kama walikuwa wanachemsha maji ya kunywa. Akasema wakati mwingine. Wakati mwingine! Mke wake alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Machi 12

Mvua kutwa. Nimeongeza klorini.

Machi 14

Sukari saba. Fundi wa boila anasema magunzi yamelowa huko ghalani, yamevunda kabla ya kusagwa. Inawezekana. Lakini nilipita chumba cha nyuma nikaona buibui kwenye pembe ya dari, juu kabisa ya zile sinia.

Machi 17, Jumapili

Nimetoka kwa shemeji sasa hivi. Huwa nakwenda kila Jumapili kumwona mtoto, na kila nikienda nabeba chupa tatu za maji niliyochemsha mwenyewe. Mtoto ana miaka minane. Tunamwita Kijiko kwa sababu alipokuwa mchanga alikuwa halali bila kijiko mkononi, na ukimnyang'anya, majirani wanakuja kuuliza kulikoni.

Nilifika nikamkuta anafua soksi zake. Shemeji alikuwa jikoni, kikaango kinatoa moshi. Chumba ni kimoja kimegawanywa kwa pazia. Kitanda kimetandikwa, daftari za shule zimepangwa, kanga ya marehemu imekunjwa juu ya sanduku. Nilitafuta uchafu, naandika hivi kwa sababu daftari ni langu. Nilitafuta nikaupata: sufuria ya maji haina kifuniko.

Nikamtuma Kijiko dukani, nikakaa, nikamweleza shemeji nia yangu. Nimchukue mtoto akae na mimi. Nina vyumba viwili, sina mume wala mtoto, shule iko karibu zaidi na kwangu. Yeye ni mwanamume peke yake, atamlea vipi msichana? Nilisema yote hayo kwa upole.

Aligeuzageuza yai kikaangoni mpaka likaungua. Ndipo akasema, "Mtoto si kiti, shemeji, kwamba hapa amekaa vibaya tumsogeze kule."

"Nani kasema kiti? Mimi ni mama yake mkubwa."

"Najua. Na mimi ndiye baba yake."

Kijiko alirudi na mkate. Alininong'oneza kwamba baba siku hizi anachemsha maji mara mbili, asubuhi na jioni, na yakishapoa anayachemsha tena. Nikamwambia kawia ufike, ila kuna waliokawia sana. Mtoto hakuelewa, na namshukuru Mungu kwa hilo. Nilipokuwa naondoka aliniuliza kwa nini baba ana vidole vya kijani hata akinawa. Nikamjibu kwamba wapo watu uchafu umewaingia mpaka kwenye ngozi.

Machi 20

Sukari sita. Mvua ya mawe jioni, kelele za bati zilikuwa hazisemeki.

Machi 22

Meneja ametuita ofisini sisi watatu, mimi, Fundi na shemeji. Hospitali imeagiza mapipa ishirini ya spiriti kabla ya mwisho wa Aprili, na kwa sukari ya namna hii hatutafikisha hata tisa. Ameuliza tatizo ni nini. Fundi akasema magunzi. Mimi nikasema maji ya mvua yana vijidudu vingi mwaka huu, vinaila sukari kabla hatujaipima, nitazidisha usafi. Shemeji akasema anaomba siku chache aangalie jambo. Jambo gani? Akasema akiliona atalisema.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimetoka pale nikaongeza klorini, vikombe viwili kamili, nikapiga deki kiwanda kizima.

Machi 25

Mvua. Mvua. Mvua.

Machi 27

Sukari tano. Nimepima mara tatu.

Machi 29

Leo asubuhi nimekuta bilauri mbili juu ya meza yangu ya vipimo. Zilikuwa na majimaji ya rangi ya chai, na ndani ya kila moja kipande cha gazeti. Moja lile gazeti lilikuwa limekwisha, limebaki uji wa kijivu chini. Nyingine lilikuwa bado limesimama. Hii ni tabia ya shemeji. Ndivyo anavyojaribu mate yake tangu zamani: karatasi nayo ni mti, kwa hiyo mate yenye nguvu yanaila, yaliyokufa yanaiacha. Nimemwona akifanya hivyo mara mia.

Lakini afanyie huko kwake. Meza yangu ndiyo mahali pekee katika kiwanda hiki unapoweza kuweka kitu ukakikuta hivyo hivyo. Nilizimwaga bilauri zote mbili, nikaziosha, nikazifuta, nikazirudisha kabatini.

Mchana alikuja mlangoni. Aliitazama meza, kisha akanitazama mimi. Nikamwambia, "Shemeji, uchafu wako usiniletee huku." Akasema sawa. Akarudi chumba cha nyuma.

Aprili 2

Leo nitaandika kirefu.

Sukari tatu. Meneja hakutuita ofisini, alikuja mwenyewe penye pipa, mbele ya wafanyakazi wote, hata wasaga magunzi. Alikuwa ametoka kupigiwa simu na wakubwa. Akasema hataki tena kusikia habari za mvua, mvua ilikuwepo mwaka jana na sukari ilikuwepo. Anataka kujua kimebadilika nini. Akanigeukia mimi kwa sababu mimi ndiye mwenye namba.

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Badala yake nilisema, "Mate yamechoka. Ukungu wake umeingia uchafu."

Meneja akamwuliza shemeji ana la kusema. Shemeji hakumjibu Meneja. Alinigeukia mimi, akaniuliza taratibu, "Maji umeyapima?"

"Maji ni kitu cha mwisho unachoweza kunifundisha wewe," nikasema.

Wengine pale wanajua habari za mdogo wangu. Niliwaona wakiangalia chini. Meneja akangoja, na mimi nikangoja, na yule mtu hakusema neno jingine. Alivua aproni, akaitundika kwenye msumari, Meneja akamwambia apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Sote tunajua maana ya kupumzika nyumbani.

Fundi wa boila, ambaye kwa kawaida ametulia kama maji ya mtungini, alinipita akiwa amebeba koleo akasema kwa sauti ya chini kwamba kazi nyingine bwana ni bora mtu asiwe na ulimi. Sikumwuliza anamsema nani.

Nilirudi nyumbani nikala wali wote uliokuwa kwenye sufuria. Nilijiambia nimefanya haki. Nilijiambia hana kazi sasa, hana la kumlishia mtoto, atakuja mwenyewe kuniomba nimchukue. Ndiyo, niliyafikiria hayo. Nilikwishaamua hata kitanda kitakaa upande gani.

Aprili 3

Nimekabidhiwa chumba cha nyuma. Nimemwaga sinia zote, zote kumi na nane, pamoja na vichupa vyake vya mbegu. Nimesugua rafu kwa klorini mpaka mbao zimegeuka nyeupe. Meneja ameagiza vimeng'enya vya kopo, unga, kutoka huko vinakotoka. Vitafika baada ya siku kumi. Mpaka hapo tunasaga na kurundika tu.

Aprili 7, Jumapili

Kijiko ameniambia wanahama. Kaka yake shemeji ana shamba, safari ya siku mbili kwa basi, amemwambia aje walime pamoja. Wanaondoka mwisho wa mwezi kama hakuna kazi. Nikauliza, "Na wewe unakwenda?" Akanishangaa. Akasema sasa mama mkubwa nibaki na nani?

Nilitaka kusema na mimi. Baba yake alikuwa nyuma ya pazia anakunja nguo, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba nilipiga hesabu yangu vibaya tangu mwanzo. Yule mtu atauza viatu vyake kabla ya kumwacha mtoto.

Aprili 10

Mvua ndogo. Hakuna kazi.

Aprili 13

Makopo yamefika. Yana picha ya jani mbele na maelekezo ya lugha nne. Tumepakia pipa leo, na nimetia klorini ya kutosha ili isije ikasemwa kwamba unga mzuri umeharibiwa na maji mabaya.

Aprili 16

Siku tatu zimetimia. Nimefungua bomba la chini, nimechukua matone mawili, nimeweka jicho kwenye kipimo. Sukari mbili.

Nikaosha kipimo, nikarudia. Mbili. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia pumzi zake. Akauliza, nikamwambia bado kidogo, tuongeze siku moja. Ni mara ya kwanza katika miaka kumi na moja namdanganya mtu juu ya namba.

Nimekaa kwenye stuli yangu hadi kila mtu akaondoka. Ukungu wa shemeji haumo tena. Haumo kwenye sinia, haumo kwenye rafu, nimeusugua kwa mikono yangu. Mate haya yametoka kiwanda cha watu waliovaa glavu. Magunzi ni ya ghala jipya, makavu. Joto hamsini, nimelilinda mwenyewe. Kilichobaki ni nini?

Nilijua kabla sijainuka kwenye stuli. Bado niliinuka. Nilichukua bilauri mbili kabatini. Ya kwanza nikatia unga kidogo wa kopo na maji yangu ya kunywa, yale niliyochemsha nyumbani. Ya pili unga kiasi kile kile na maji ya tangi. Nikachana ukurasa wa gazeti, kipande kimoja huku, kimoja kule, nikaziweka karibu na boila penye joto.

Aprili 17

Ya kwanza imekuwa uji. Ya pili gazeti limesimama, ni tangazo la magodoro, bei inasomeka.

Ni mimi. Klorini yangu inayaua mate ndani ya ndoo kabla hayajaligusa gunzi hata moja. Kila mvua ilipozidi nilizidisha dawa, kila nilipozidisha dawa sukari ilishuka, na namba zote niliziandika kwa mkono wangu, mwandiko mzuri, mstari kwa mstari.

Na yeye alinionyesha. Aliniletea mpaka mezani, Machi 29, iko hapo juu nimeiandika mwenyewe. Aliogopa kuniambia akaniletea macho yangu yaone, na mimi nikaosha. Nimesoma ukurasa ule mara nne leo na kila nikifika pale "nikazifuta, nikazirudisha kabatini" nalifunga daftari.

Nimemwaga tangi lote. Nimeyaacha maji yatulie kama zamani. Meneja nimemwambia nasafisha.

Aprili 18

Sijasema.

Aprili 19

Sijasema. Nimeanza mara mbili. Mara ya kwanza simu ya Meneja ililia, mara ya pili haikulia.

Aprili 22

Sukari tisa.

Meneja alipiga makofi. Aliwaita wote, akanishika bega, akasema mnaona, tumemtoa mtu mmoja na kopo moja limefanya kazi ya chumba kizima. Akasema kuanzia mwezi ujao mimi ni msimamizi. Wasaga magunzi walinishangilia. Fundi wa boila hakupiga makofi, alikuwa ameshika koleo, labda ni hilo tu.

Nilisema asante. Andika, mwanamke: ulisema asante.

Aprili 24

Wamekata tiketi. Jumapili saa mbili asubuhi.

Aprili 25

Nimekwenda kwa Meneja nikafunga mlango. Nilimweleza kila kitu, klorini, bilauri, gazeti, na ukurasa wa daftari la kazi nikauweka mbele yake, dawa upande huu, sukari upande huu. Alisoma. Ni mtu mwenye akili, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Alivua miwani. Akaniuliza nimemwambia nani mwingine. Nikasema hakuna. Akasema vizuri.

"Vizuri vipi? Yule mtu hana kosa. Mwite."

"Nimwite aje afanye nini?" akasema. "Ukungu wenyewe uko wapi?"

Nikakumbuka zile rafu nyeupe.

Hakuwa mkali, afadhali angenifokea. Alinieleza kwamba mbegu ile shemeji aliilea miaka saba, haipatikani dukani, na makopo sasa yanafanya kazi. Kwamba ripoti imeshakwenda juu, imeandikwa uzembe wa mfuga ukungu, imesainiwa naye. Akiibadilisha leo wataanza kuuliza nani alikuwa anasimamia maji miezi miwili hii, na nani alikuwa anamsimamia huyo msimamizi. Akasema maji yakimwagika hayazoleki. Akasema mimi ni mfanyakazi mzuri na kosa limetokana na usafi, si uvivu.

Nikamwambia basi andika kosa ni langu, mimi niondoke. Akairudisha miwani machoni, akausukuma ule ukurasa kwangu. "Nenda kapime sukari," akasema.

Nimekwenda nikapima. Tisa.

Aprili 27

Nimekwenda kwao leo badala ya kungoja kesho stendi. Sikubeba maji. Kijiko alikuwa kwa jirani anaaga. Chumba kimebaki kitupu, pazia limeshushwa, na shemeji alikuwa anafunga sanduku kwa kamba. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilihofia nikikaa sitasema. Nilisema ni klorini yangu. Nilisema nimemwambia Meneja na Meneja hataki kusikia. Nilisema nilimwaga ukungu wake wote. Nilisema nisamehe.

Aliendelea na ile kamba mpaka fundo likakaa. Kisha akaketi juu ya sanduku.

"Nilijua ni maji," akasema. "Tangu wiki ile ya kwanza."

"Sasa kwa nini hukusema? Siku ile mbele ya watu, Meneja alikuuliza, ulikaa kimya!"

"Ningesemaje, shemeji?" Hakuinua sauti. "Mimi ndiye niliyempa mdogo wako yale maji. Nilirudi kazini nimechoka, akaniambia mkaa umekwisha, nikasema si kitu, kunywa hivyo hivyo, mbona sisi tumekua tukiyanywa. Nilimpa kikombe kwa mkono huu. Halafu nisimame kiwandani nibishane na wewe habari ya maji? Kwa mdomo gani?"

Nilikuwa nimengoja mwaka mzima kumsikia akikiri. Nilidhani siku hiyo ikija nitapumua. Sikupumua. Nilimwona mtu anayechemsha maji yaliyokwisha kuchemka, na mimi nikiwa kiwandani nikitia dawa juu ya dawa, wote wawili tumechelewa kwa mtu yule yule. Nililia. Yeye hakulia, alinipa kitambaa cha kufutia vyombo, hakukuwa na kingine kilichobaki nje ya sanduku.

Nilimwomba wabaki. Nikamwambia nitawalisha mpaka apate kazi. Akanishukuru, na alinishukuru kwa dhati, nilimwona. Akasema mji huu kila kiwanda kimeshasikia habari za mfuga ukungu mzembe, ameuliza sehemu tatu. Huko kwa kaka yake hawajasikia.

Aprili 28, Jumapili

Wameondoka.

Mvua ilikuwa manyunyu. Stendi imejaa tope, watu wanaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Shemeji alipanda juu kumwongoza utingo apange sanduku vizuri. Nikabaki chini na Kijiko. Alikuwa amevaa sweta la shule kwa sababu ndilo zuri alilonalo.

Kuna jambo nilikuwa nadaiwa tangu Jumapili ile ya mwezi Machi. Nilichutama ili tutazamane. Nikamwambia, "Nilikwambia vibaya juu ya baba yako. Baba yako si mchafu. Mkono wake ni wa kijani kwa sababu ya kazi, na kazi yake aliifanya vizuri kuliko sisi wote. Aliyeharibu kule kiwandani ni mimi."

"Wewe, mama mkubwa?"

"Mimi."

"Baba anajua?"

"Anajua. Na Meneja anajua."

Alifikiri. Ana namna ya mama yake ya kukunja midomo anapofikiri. Dereva alikuwa ameshawasha injini na baba yake anamwita kutoka mlangoni.

"Sasa mbona tunaoondoka ni sisi?" akasema.

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu. Baba yake alimshika mkono akampandisha, akanipungia, basi likarudi nyuma, likageuka. Kijiko alikaa upande wa dirisha na alikuwa bado ananitazama, anangoja nimjibu, mpaka kioo kikafunikwa na tope.

Kesho saa moja na nusu natakiwa kazini. Pipa litakuwa limetimiza siku tatu.